Ukienda Ng'ambo, Nani Atasimamia Mali Yako?

(Haya ni mazungumzo tuliyoyatoa mbele ya vikundi vya kujisaidia vya Kibera na Kawangware, katika ukumbi wa kanisa, Laini Saba. Tunayachapisha kwa ajili ya vikundi vya mashambani pia, maana wengi wanaoondokea Nairobi mali yao iko huko kwenu.)



Tuliombwa tuseme juu ya jambo ambalo limeleta machozi katika jumuiya zetu ndogo ndogo. Mtu anapata kazi Saudia, au Qatar, au Dubai. Anaondoka mbio. Nyuma anaacha ploti, vyumba vya kupangisha, akiba ya chama, watoto, na pengine ng'ombe mmoja kwao mashambani. Nani atavishika? Kwa karatasi gani?

Wengi wenu mnakumbuka ule mfano katika Injili ya Mathayo, sura ya 25, wa mtu aliyesafiri akawaachia watumishi wake mali. Sisi tukihubiriwa habari hiyo huambiwa juu ya vipaji, kuimba kwaya na kadhalika. Sawa. Lakini mtazameni yule bwana kama msafiri tu. Hakumpa mtu mmoja kila kitu. Kila mmoja alipewa kiasi kinachojulikana, na aliporudi alikaa chini nao wakafanya hesabu. Wasafiri wetu wengi hawafanyi lolote kati ya hayo mawili.

Tuwaeleze habari ya mama mmoja. Jina tunaliacha, na mambo mengine tumeyabadilisha kidogo asije akatambuliwa. Alikuwa mjane, fundi wa cherehani, akiishi Kawangware upande wa Gatina. Aliweka akiba katika chama miaka tisa mpaka akanunua kiploti cha hamsini kwa mia upande wa Kiserian. Hati miliki ikatoka kwa jina lake. Mwaka 2015 akapata kazi ya nyumbani Saudia. Ajenti alimpigia simu Jumatano kwamba ndege ni Ijumaa usiku. Sasa siku mbili mtu atafanya nini? Kununua sanduku, kuwapeleka watoto kwa nyanya yao, kulipa madeni ya duka. Alhamisi jioni kaka yake akamwambia, "Dada, kile kiploti kitakaaje? Niandikie karatasi nikuangalizie." Wakaenda mjini, karatasi ikapigwa chapa, ikatiwa sahihi mbele ya wakili kwa muda wa kunywa chai kikombe kimoja. Ilikuwa ya Kiingereza, kurasa tatu. Mama hakuisoma. Nia yake kaka amalizie ua na kumkodishia mtu apande maharagwe. Karatasi yenyewe ilisema kaka anaweza kusimamia, kukodisha, kuweka rehani na kuuza, kana kwamba yeye ndiye mwenyewe. Kaka akaipeleka ofisi ya ardhi ikaandikishwa.

Mwaka 2017 jirani akamwambia kwa simu kwamba kaka anaonekana pale ploti na mabroka. Mama akampigia kaka kutoka huko Saudia, akamwambia kwa ukali, "Ile ruhusa nimekunyang'anya kuanzia leo." Kaka akajibu, "Sawa dada, usijali." Akamwandikia na meseji, ile meseji bado anayo, tumeiona sisi wenyewe. Akaamini mambo yamekwisha.

Mwaka 2018 kaka aliuza. Mnunuzi hakuwa mwizi. Alikwenda ofisi ya ardhi akatafuta, akakuta hati miliki ni safi, akakuta karatasi ya kaka imeandikishwa na hakuna mahali palipoandikwa kwamba imefutwa. Akalipa kupitia benki. Mama aliporudi 2019 alikwenda Kiserian moja kwa moja na zawadi za watu bado ziko ndani ya mfuko. Alikuta nyumba ya mawe, nguo zimeanikwa. Mtoto wa nyumba ile akamletea kiti.

Tutarudi kwa mama huyu. Kwanza tuieleze hiyo karatasi.

Kwa Kiswahili tuiite hati ya uwakilishi. Kwa mawakili mtasikia pawa ya atoni, ni ile ile. Ni karatasi ambayo mwenye mali anasema: mimi fulani, nimempa fulani uwezo wa kufanya jambo hili na hili kwa jina langu. Atakachofanya ndani ya uwezo huo kinahesabiwa umekifanya wewe. Akitia sahihi, ni kama mkono wako umetia sahihi. Hapo ndipo watu hawaelewi. Wanadhani ni barua ya kumwomba mtu aangalie mali. Siyo. Kuangalia mali hakuhitaji uwezo wa kuuza.

Kwa hiyo kosa la kwanza la mama yule lilikuwa kutoa uwezo mpana kuliko haja yake. Kuna hati ya jumla, inayompa mwakilishi karibu kila kitu, na kuna hati ya jambo maalum. Ukitaka mtu akukusanyie kodi, andika kukusanya kodi. Ukitaka aende mahakamani kwa kesi ya mpaka, andika kesi hiyo, na namba ya kesi ikiwa iko. Andika namba ya ploti. Kisha, na hili tunalisisitiza, andika yale ASIYORUHUSIWA: asiuze, asiweke rehani, asigawanye, asimpe mtu mwingine uwezo huu. Andika na tarehe ya mwisho. Mkataba wa kazi ni miaka miwili? Basi hati iishe kwa miaka miwili. Ukiongeza mkataba utaongeza na hati. Mtu akikuletea karatasi yenye maneno kwamba haiwezi kufutwa, weka kalamu chini uondoke. Karatasi za namna hiyo zipo, hutumika hasa pale mtu amekwisha kupokea pesa za mali, na si za mtu anayekwenda kufanya kazi arudi.

Na usitie sahihi kitu ambacho hujasomewa kwa lugha unayoielewa. Usione haya. Wakili akikasirika kwa sababu umeomba kusomewa, huyo siyo wakili wako, tafuta mwingine.

Kosa la pili ndilo lililomla mama yule, na ndilo tulilolijia hapa leo. Alifuta kwa simu. Sheria yetu ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012, kifungu cha 48, inasema hati yenye uwezo wa kutoa ardhi huandikishwa katika rejista maalum, na mwenye mali anaweza wakati wowote kumpa msajili taarifa kwamba ameifuta. Kifungu cha 49 kinaendelea: hati iliyoandikishwa, ikiwa hakuna taarifa ya kuifuta iliyoandikishwa, huhesabiwa kuwa bado iko hai kwa mnunuzi aliyelipa kwa nia njema bila kujua. Sikilizeni vizuri. Meseji aliijua kaka. Simu aliisikia kaka. Mnunuzi hakusikia, na daftari la serikali halikusikia. Kwa macho ya mnunuzi uwezo wa kaka ulikuwa mzima kama siku ile ulipotolewa.

Kufuta ni hivi: unaandika karatasi ya kufuta, unaitia sahihi mbele ya mtu anayeruhusiwa kushuhudia, kama ile ya kwanza, inapelekwa ofisi ile ile ya ardhi iliyoandikisha hati, inaingizwa. Nakala inapelekwa kwa mwakilishi mwenyewe, na nyingine kwa benki au mtu yeyote aliyekuwa akimtambua. Ndiyo, ni kazi kwa mtu aliye jikoni kwa mwajiri huko Dammam. Ndiyo maana tunasema afadhali hati yenyewe iwe nyembamba tangu mwanzo.

Sasa mtu wa Kibera atasema, "Sisi hatuna hati miliki, hayo ni ya watu wa Kawangware na Kiserian." Ni kweli, tofauti iko. Kawangware sehemu kubwa ni mashamba ya zamani ya familia za Dagoretti, na ploti nyingi zina hati. Za Nairobi siku hizi zinaingizwa katika mtambo wa Ardhisasa uliozinduliwa Aprili 2021, na mwenye mali aliyejiandikisha huko anaweza kutazama mali yake kwa simu hata akiwa Doha. Msafiri mwenye ploti Nairobi ajiandikishe kabla hajaondoka, kwa namba ya simu atakayobaki nayo.

Kibera ni jambo jingine. Ardhi sehemu kubwa ni ya serikali. Ndugu zetu Wanubi walipewa hati ya ekari 288 mwaka 2017, lakini hiyo ni ya jamii, si ya mtu mmoja mmoja. Mwenye vyumba Gatwekera au Silanga ana nini mkononi? Barua ya zamani ya chifu, au leseni ya muda, au makubaliano ya kununua yaliyoandikwa kwa daftari la shule mbele ya wazee. Hakuna rejista ya kutazama. Kwa hiyo hapa rejista yako ni watu. Hati ya uwakilishi iandikwe hata hivyo, ishuhudiwe na wakili ukimweza, lakini mzee wa kijiji aijue, chifu aijue, na wapangaji wenyewe waambiwe mbele ya mwakilishi: huyu anapokea kodi kwa niaba yangu, nyumba bado ni yangu. Tumeona mtu amekusanya kodi miaka mitano bila neno lolote kuandikwa, mwishowe hata wapangaji wanaapa kwamba nyumba ni yake. Hawasemi uongo. Ndivyo walivyoona.

Kuna na hili. Julai 2018 nyumba zilipobomolewa hapa Kibera kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata, wengine walipigiwa simu huko ng'ambo wakati tingatinga limekwisha kupita. Mtu akija na fomu na kalamu kuandikisha wenye nyumba, anaandika anayemkuta. Basi andika wazi katika hati kwamba mwakilishi anaweza kukuandikisha katika hesabu yoyote ya wakazi au wenye nyumba, KWA JINA LAKO na si kwa jina lake. Maneno hayo machache tulikuwa hatuyaweki zamani. Siku hizi tunayaweka.

Tuseme kidogo juu ya simu na benki. Wasafiri wengi wetu hawaandiki hati yoyote. Wanaacha laini ya simu yenye M-Pesa, kadi ya benki, na namba za siri zimeandikwa nyuma ya karatasi ya sigara. Wanaona wamemaliza. Huo si uwakilishi. Huo ni mtego unaomtegea ndugu yako. Pesa zikipotea, utathibitisha nini? Namba ya siri ulimpa wewe. Nenda benki yako kabla ya kusafiri, uliza fomu yao ya kumruhusu mtu mwingine, maana benki nyingi hutaka fomu yao wenyewe hata ukiwa na hati ya wakili. Weka kiwango. Na ukiweza, pesa unazotuma za ada ya shule zipelekwe shuleni moja kwa moja, zisipite kwa mkono wa mtu. Hapo wanaume mtusamehe, lakini tumeona ada nyingi zikipitia kwa baba na kuishia njiani. Kina mama nao tumewaona, si wengi.

Vikundi vyenu mna sehemu kubwa katika jambo hili kuliko mnavyofikiri. Mwanachama anayesafiri akija kuaga, msimpe tu soda na maombi. Mwulizeni katika mkutano, na katibu aandike: akiba yake ni kiasi gani leo, mkopo wake ni kiasi gani, nani atamlipia, nani anaruhusiwa kupokea zamu yake, na nani HARUHUSIWI. Atie sahihi yeye na mwakilishi wake. Kikundi kimoja cha akina mama cha Silanga kinafanya hivyo. Walipoanza, walilalamika kwamba ni kumwonyesha mwenzao hawamwamini. Kisha mwanachama wao mmoja akiwa Qatar, mashemeji wawili walikuja siku moja kudai zamu yake, kila mmoja akisema ametumwa. Katibu alifungua kitabu, akasoma jina la dada yake. Basi, wakaenda zao. Hiyo ni karatasi moja ya daftari, haikulipiwa hata shilingi.

Jambo jingine kwa vikundi: mnaweza kuwa mashahidi, lakini kikundi kisichukue uwakilishi wenyewe. Tuliwahi kujaribu hivyo sisi, tukidhani kikundi ni salama kuliko ndugu. Viongozi walibadilika, mwenyekiti mpya hakujua ahadi za yule wa kwanza, tukabaki tukitafutana kwa miezi.

Na waliokwisha kuondoka bila hati? Njia iko. Mtu anaweza kutia sahihi mbele ya afisa wa ubalozi wetu, uwe wa Riyadh, Doha, Abu Dhabi, Kuwait au Muscat, kisha karatasi halisi iletwe nyumbani. Picha ya karatasi kwenye simu haitoshi kwa ofisi ya ardhi. Hati ya ardhi hutaka picha ya pasipoti, nakala ya kitambulisho na namba ya PIN ya kodi, za mwenye mali na za mwakilishi. Lakini fikirini: dada yuko Jeddah, ubalozi uko Riyadh, zaidi ya kilomita 800. Pasipoti imefungwa kabatini na mwajiri. Siku ya mapumziko haipati. Atafikaje? Ndiyo maana ajenti akisema ndege ni Ijumaa, mwambie una karatasi moja ya kumaliza.

Kuna swali ambalo hakuna anayependa kuliuliza. Mtu akifia huko? Mwaka 2021 Wizara ya Mambo ya Nje ilitoa hesabu ya Wakenya 89 waliofariki Saudia katika muda wa kama miaka miwili. Kwa hiyo si swali la mbali. Hati ya uwakilishi hufa pamoja na aliyeitoa. Siku ile ile. Mwakilishi hawezi tena kuuza, wala kutoa pesa benki, hata kama ni za mazishi. Baada ya hapo ni Sheria ya Urithi, Sura ya 160, barua ya chifu na mahakama, na kifungu cha 45 kinasema anayejiingiza katika mali ya marehemu bila idhini ya sheria anafanya kosa. Anayetaka mali ifike kwa watoto wake aandike wosia, hiyo ni karatasi nyingine, tutaileta siku nyingine. Leo kumbukeni tu kwamba hati hii haifanyi kazi ya wosia.

Wala haimpi mtu mtoto. Anayeachiwa watoto aandikiwe barua yake, yenye jina la shule, zahanati wanakotibiwa, na nani apigiwe simu. Palipo na ugomvi kati ya baba na nyanya, nendeni kwa afisa wa watoto kabla ya safari. Na walio katika ndoa: Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 haimruhusu mmoja kuuza mali ya ndoa bila idhini ya mwenzake. Ukiulizwa kwa simu "umekubali?" usijibu ukiwa umesinzia.

Mtu atauliza, nani basi awe mwakilishi? Hatuna jibu moja. Tulikuwa tukisema, chagua ndugu wa damu. Hatusemi tena. Angalia mtu ambaye amewahi kushika pesa za wengine akazirudisha, awe mweka hazina wa jumuiya au jirani tu. Usimchague mwenye madeni, hata kama unampenda. Kaka wa mama yule hakuwa mtu mbaya siku ile ya Alhamisi. Tunamjua. Biashara yake ya mitumba ilianguka, wadai wakamjia, na ndani ya sanduku lake kulikuwa na karatasi inayosema anaweza kuuza.

Mama mwenyewe ameketi hapa kati yenu leo, na ametupa ruhusa tuseme hivyo bila kumwonyesha kidole. Mawakili walimweleza kwamba kumtoa mnunuzi ni vigumu sana, na kwamba dai lake liko kwa kaka. Walikaa mbele ya wazee wa familia na msaidizi wa sheria, kaka akakubali kwa maandishi kulipa kidogo kidogo. Amelipa mara kadhaa, si kila mwezi. Mama yao bado yu hai, na Krismasi wote wawili huenda kwake, kila mmoja na siku yake.

Sasa wale wenye karatasi mlizoambiwa mje nazo, msaidizi wa sheria ameketi pale karibu na mlango. Hatoi wosia wala hati, anasoma tu na kuwaeleza zinasema nini, bure. Atakayehitaji wakili ataelekezwa Kituo cha Sheria, ambao wamesaidia wasiojiweza tangu 1973, au FIDA ikiwa ni mama. Mwenye ndege wiki hii atangulie mbele ya foleni.